Muhtasari wako ukikubaliwa ISBA, nenda na swali lako

Wadogo zangu mnaosoma akiolojia huniuliza mara kwa mara: muhtasari wa utafiti wangu umekubaliwa ISBA, sasa nijiandae vipi? Kwa asiyeijua, ISBA ni kongamano la kimataifa la watu wanaochunguza mabaki ya kale kwa kutumia vinasaba (DNA), protini, mafuta na isotopu, yaani atomi za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito. Mwaka 2018 lilifanyika Jena, Ujerumani, na mwaka 2023 Tartu, Estonia. Jibu langu halibadiliki. Nenda na swali lako, tena ulijue vizuri kuliko mtu yeyote ukumbini.

Nalisisitiza hilo kwa sababu ya mazungumzo ya wakati wa chai. Mara tu watu wanapojua unatoka Afrika Mashariki, wanakuja. Mna mifupa mingapi? Ni ya karne ya ngapi? Imehifadhiwa wapi? Wengi wana nia njema kabisa. Wao wana mashine na fedha, nasi tuna mabaki, kwa hiyo ni kawaida tutafutane. Lakini ukiwa na mifupa tu, swali atalileta mwenzako, na tangu hapo utafiti utafuata njia yake. Jina lako litakuwa katikati ya orodha ndefu ya waandishi, na hutakuwa na la kusema kuhusu kilichopimwa.

Chukua mfano wa utafiti wa vinasaba vya Waswahili wa kale uliochapishwa Machi 2023, ambao mwanaakiolojia Profesa Chapurukha Kusimba alikuwa miongoni mwa walioongoza. Ulihusu watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, wengi wao katika miji ya pwani. Wengi walionekana kuwa na asili ya Kiafrika hasa kwa upande wa mama, na sehemu kubwa ya asili yao ya Kiasia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Mimi nauheshimu sana utafiti huo, na nadhani kila mwanafunzi wa pwani anapaswa kuusoma wote, siyo vichwa vya habari tu. Ukiusoma utaanza kujiuliza: nani alizikwa kwenye makaburi yaliyochimbwa? Wavuvi, watumwa na wakulima wa viungani wako wapi? Maswali ya namna hiyo ndiyo mtaji wako, kwa sababu aliyekulia Kilwa au Lamu huyafikia haraka kuliko mtu wa maabara.

Kisha jifunze mbinu zenyewe kiasi cha kuweza kukataa. Joto huvunjavunja vinasaba, na pwani yetu ni ya joto na unyevu. Jenomu (vinasaba vyote vya mtu) kamili ya kwanza ya Mwafrika wa kale, iliyochapishwa mwaka 2015, ilipatikana katika pango la Mota, kwenye nyanda za juu za Ethiopia, kutoka kwa mtu aliyeishi miaka 4,500 hivi iliyopita. Baridi ya kule ilisaidia. Basi mtu akikuomba sampuli, muulize: mifupa kutoka sehemu zenye joto kama kwetu imewapa matokeo kwa kiwango gani? Anayejibu kwa tarakimu, endelea naye. Anayezungukazunguka, mwache.

Muulize pia atakata wapi. Sehemu inayopendwa zaidi ni ule mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, maana huhifadhi vinasaba kuliko mifupa mingine mingi. Kila fuvu linayo miwili, kulia na kushoto. Omba mmoja ubaki mzima, na utakaotobolewa upigwe picha za skana kwanza. Kinachosagwa kuwa unga hakirudi tena, na miaka 20 ijayo pengine itakuja mbinu inayohitaji kidogo zaidi.

Wakati mwingine vinasaba havihitajiki hata kidogo. Kama tatizo lako ni kutenganisha mifupa ya mbuzi na ya kondoo, kazi inayotutesa sote tunaochambua mifupa ya wanyama, kolajeni, yaani protini ya mfupa, kutoka kipande kidogo tu inaweza kutoa jibu kwa gharama nafuu. Ugaga wa meno, yaani utando mgumu unaoganda juu ya meno, huhifadhi protini za maziwa. Mwaka 2021 watafiti walionyesha kwa njia hiyo kwamba watu wa Sudan na Kenya walikunywa maziwa maelfu ya miaka iliyopita. Vigae vya vyungu navyo hufyonza mafuta ya chakula. Mimi hupenda vikao vya protini na mafuta kuliko vile vya vinasaba vinavyojaza ukumbi, kwa kuwa huko ndiko nimepata washirika wanaosikiliza.

Kuhusu bango na wasilisho, ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua bango. Wasilisho huisha kwa dakika chache, ilhali mbele ya bango mtu husimama, akauliza, akachora mchoro kwenye daftari lako. Viza ya Schengen unaweza kuiomba miezi 6 kabla ya safari; usingoje mwezi wa mwisho. Ruzuku za usafiri nazo huwa na tarehe zake, mara nyingi mapema kuliko unavyodhani.

Usiahidi sampuli ukiwa ukumbini. Sema wazi kwamba vibali vinatolewa nyumbani, kisha tuma barua pepe ndani ya wiki moja ukieleza swali, mbinu, nani atafunzwa maabara na mabaki ya unga yatarudi lini. Omba pia fedha za kupeleka matokeo kwa watu wanaoishi jirani na makaburi hayo, kwa Kiswahili, ana kwa ana. Gharama hiyo iandikwe kwenye bajeti kabla hujasaini chochote.