Maji ya moto hayana nguvu: pima kwa ndoo kabla hujanunua boila mpya

Mkuu, umesema maji baridi yanatoka kwa kishindo, ya moto yanachuruzika tu, kipimo cha presha cha boila (mtambo wa gesi usio na tangi, unaopasha maji ya kuoga na redieta za vyumbani) kinaonyesha bar 1.5, na fundi ameshakushauri ununue boila mpya. Tafadhali usinunue kwanza. Mimi nilihangaika na tatizo hilihili karibu miezi mitatu.

Kilichonipotosha ni hicho kipimo. Kinapima presha ya maji yanayozunguka kwenye redieta, yale mabamba ya ukutani yanayopasha vyumba joto, basi. Maji ya kuoga yana njia yake: yanatoka bomba kuu, yanapashwa moto yakiwa yanapita ndani ya boila, kisha yanakuja moja kwa moja bombani. Nilikuwa naongeza presha hadi bar 2 na kuzidi, na bafuni hakikubadilika kitu.

Chukua ndoo na saa. Fungua bomba la maji baridi jikoni kwa dakika moja, hesabu lita. Fanya hivyo kwa maji ya moto, kisha urudie bafuni. Kama upungufu uko kwenye bomba moja tu, boila haina kosa. Angalia kichujio cha mdomoni mwa bomba, shawa iliyoziba kwa chokaa, au mpira uliokunjika chini ya sinki. Upungufu wa maji ya moto ukiwa nyumba nzima, hapo ndipo uigeukie boila.

Kwangu baridi yalikuwa lita 16, ya moto lita 5, jikoni na bafuni sawasawa. Usitegemee namba hizo zilingane. Boila ya kilowati 24 kama yangu hutoa takriban lita 10 kwa dakika ikiwa inaongeza joto kwa nyuzi 35, na huo ndio mwisho wa uwezo wake hata kama bomba kuu lina nguvu kiasi gani. Lakini lita 5 ni nusu ya uwezo huo, kwa hiyo kulikuwa na kitu kimeziba.

Anza na koki ya maji baridi chini ya boila. Mara nyingi mtu huifunga wakati wa matengenezo, akirudisha anaiacha nusu. Yangu ilikuwa wazi kabisa. Fundi wa pili akafungua chujio lililopo pale maji yanapoingilia: limejaa mchanga na kutu! Nikakumbuka kwamba bomba la mtaani lilikuwa limepasuka na kutengenezwa wiki ileile maji yalipopungua. Alilisafisha, tukapima, lita 9.

Mwaka mmoja na nusu baadaye yakapungua tena, safari hii polepole, na yakawa yanabadilika moto, vuguvugu, moto. Hiyo ilikuwa chokaa ndani ya kifaa cha mabamba kilichomo kwenye boila, ambacho ndicho kinachopasha maji ya kuoga. Kilitolewa kikasafishwa kwa tindikali. Kama kingeshindikana, kingebadilishwa chenyewe, boila ikabaki palepale. Kwenye maji magumu, yaani yenye madini mengi ya chokaa, tatizo hili hurudi, kwa hiyo ulizia kifaa cha kuzuia chokaa.

Tafadhali sana, usifungue kava la boila mwenyewe. Kuna gesi humo, na moshi wake huua bila kunuka. Mwachie fundi mwenye leseni.

Ukishapima weka hapa lita za baridi na za moto, jikoni na bafuni, na useme kama yalipungua ghafla au kidogo kidogo. Ukubwa wa boila kwa kilowati umeandikwa kwenye kibandiko chake, uutaje pia.