Kifua cha Mjukuu

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza kama Hamadi, kwa kuwa alilazwa na kifua akiwa na miezi mitano, atakuja kuwa na pumu. Nitafika huko. Kwanza, jana usiku ulimhesabia pumzi? Hesabu pumzi kwanza, maneno baadaye. Akiwa ametulia, mfunue fulana, tazama tumbo likipanda na kushuka kwa dakika nzima. Kwa umri wake, 50 kwenda juu ni nyingi; akitimiza mwaka, 40. Chini ya mbavu pakibonyea kila anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, msingoje kukuche.

Na jiko lenu liko wapi? Ile masika ya miezi yako saba, shangazi yako aliingiza jiko la mkaa chumbani upate joto, akarudisha mlango. Kifua chako kinalia kama kinanda kibovu, na mimi, muuguzi mzima, nimenyamaza kwa kumwonea haya wifi. Mkaa ukishakolea moshi hauonekani, ndiyo maana watu wanaudharau. Pikieni nje, basi.

Haya, pumu. Daktari amekwambia ni RSV. Kirusi hicho huvimbisha vijia vidogo vya hewa na kuvijaza makamasi, antibayotiki haikigusi. Baada yake kifua hulia filimbi kila mafua yakija, pengine miaka kadhaa. Lakini kule Tucson, Marekani, walikofuatilia watoto waliozaliwa kuanzia 1980, tofauti kati ya waliougua RSV na wenzao ilikuwa imefifia walipofika miaka 13. Mimi huogopa zaidi rinovirusi, haya mafua ya kila siku, yakimliza filimbi mtoto wa chini ya miaka 3 mwenye ukurutu, au mwenye mzazi wa pumu. Na mumeo tunamjua.

Ila je, kirusi ndicho kinachoharibu mapafu, au kinayakuta tayari dhaifu? Uholanzi waliwadunga watoto njiti kingamwili ya RSV: filimbi zikapungua mwaka wa kwanza, lakini walipofika miaka 6 mapafu yao yalipuliza sawasawa na ya wasiodungwa. Hapo nasema kirusi hakina kosa. Halafu nakumbuka wazazi wa waliodungwa walitaja pumu mara chache kuliko wazazi wa wasiodungwa, narudi nyuma.

Ukinibana niseme, ningesema... la, sisemi. Kipimo cha kupuliza hakiwezi mpaka akaribie miaka 5 au 6.

Kabla ya kunyonya mtie matone mawili ya maji ya chumvi ya duka la dawa kila tundu la pua, umfyonze makamasi. Hesabu pumzi kwanza. Kisha fungua daftari: tarehe kifua kilipolia, alikuwa na mafua au hana, ni usiku au baada ya kucheka. Akilia filimbi bila mafua, piga mstari mwekundu. Uje nalo Idi, tulisome wote.

Mama yako