Maswali ya wasomaji: Pango la Noeli lisilobonyea wala kuota ukungu

Tumsifu Yesu Kristo. Mwaka jana jumuiya yetu ilijenga pango la kanisani, la kuweka sanamu za Noeli, kwa wavu wa kuku na karatasi za mifuko ya saruji. Paa lilishuka, na kabla ya mkesha karatasi zilishaota ukungu na kunuka. Mwaka huu tumepewa tena kazi hiyo. Tulikosea wapi?
*Mwenyekiti wa jumuiya, Kibosho*

Milele, amina. Ndugu Mwenyekiti, hayo ni matatizo mawili na kila moja lina chanzo chake.

Paa lilishuka kwa sababu wavu ulishikiliwa kingoni tu. Karatasi iliyolowa gundi ni nzito. Wavu ukikosa cha kuuzuia katikati unabonyea, na karatasi ikishakauka inabaki na umbo hilohilo. Dawa ni mifupa. Kama sanamu zenu kubwa zina sentimita 60, pango la upana wa mita 2.5, kimo mita 1.8 na kina mita 1.2 linazitosha. Pigeni fremu tatu za mbao za inchi mbili kwa mbili, zisimamisheni moja nyuma ya nyingine kwa nafasi ya sentimita 60, kisha ziunganisheni kwa fito, moja kila sentimita 40. Fito za paani ndizo watu huzipunguza, na ndizo zinazobeba mzigo wote. Wavu wa upana wa mita 1.2 mtahitaji kama mita 14, maana mtaukunja na kuutoa mabonde na vilima ili ufanane na mwamba. Ufungeni kwa waya wa kufungia nondo kila unapopita juu ya fito.

Ukungu ulitokana na haraka. Vuli hapa mlimani huleta hewa yenye unyevu, na safu ya pili ikibandikwa juu ya safu mbichi, maji ya ndani hayana pa kutokea. Safu tatu zinatosha. Kila moja iachwe siku mbili au tatu, milango na madirisha yakiwa wazi mchana. Wekeni mgongo wa kiganja juu ya karatasi: ikiwa ya baridi, bado ni mbichi hata kama inaonekana kavu. Iliyokauka, ukiigonga kwa kidole hulia kama boksi tupu. Ukihesabu safu tatu, rangi na kupanga sanamu, kazi ianze wiki mbili kabla ya Majilio, yaani katikati ya Novemba. Kuisubiri wiki ya tatu ya Majilio ndiko kunakowaponza wengi.

Tafuteni mifuko ya karatasi 35 hadi 40. Ile ya nailoni iliyofumwa haishiki gundi ya unga. Ya karatasi ikung'uteni nje mkiwa na barakoa, kwa kuwa vumbi la saruji hudhuru mapafu. Gundi ya safu moja ni kilo moja ya unga wa ngano na maji lita 6: korogeni unga kwenye lita 2 za maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimineni kwenye lita 4 zinazochemka, endeleeni kukoroga mpaka iwe nzito na kung'aa. Msipike ya safu zote kwa pamoja, itachacha. Wapo wanaotia mrututu wa kunyunyizia kahawa ili kuzuia ukungu. Tunawasihi msifanye hivyo: ni sumu, na hakuna mtoto atakayepita hapo bila kugusa.

Mwisho pakeni rangi ya maji ndani na nje, kwani panya hupenda unga. Anzeni na kijivu kilichokolea, maana mawe ya volkano ya mitoni kwetu si ya kahawia. Ikikauka, chukueni brashi iliyokaribia kuwa kavu, yenye kijivu chepesi, mpitishe juu ya vilima tu. Hapo ndipo karatasi inapogeuka jiwe. Na pango zima liinueni kwa matofali, lisinywe maji ya kudeki.

WAWATA (wanawake Wakatoliki) tumegawanyika. Wengine wanataka pango la mwamba, wengine zizi la majani ya migomba na masale. Lipi ni sahihi?
*Mama wa WAWATA, Moshi mjini*

Yote mawili, mama. Injili ya Luka inataja hori tu. Habari ya pango imo katika maandishi ya Mtakatifu Yustino Mfiadini wa karne ya 2, na ng'ombe na punda wametokana na Isaya 1:3. Mtakatifu Fransisko alipoandaa Noeli ya Greccio, Italia, mwaka 1223, alitumia hori, nyasi na wanyama hai wa pale kijijini. Hakukuwa na sanamu. Alichukua vilivyokuwepo, nasi tuna migomba.

Masale tungeyaweka mbele kabisa, chini ya hori. Uchaggani jani la sale ni la kuombea msamaha na amani, na kila anayerudi nyumbani Desemba ataelewa bila kuambiwa. Yachomekeni kwenye ndoo ya mchanga uliolowa, yatabaki mabichi wiki kadhaa. Majani makavu ya migomba yawe ya paani tu, na mshumaa usikaribie.

Hori liachwe tupu mpaka Misa ya mkesha. Mamajusi wakae mbali, hata dirishani, wasogezwe kidogo kidogo wafike Sikukuu ya Tokeo la Bwana. Pango hubomolewa baada ya Ubatizo wa Bwana.

Taa zetu zinamulika paa, lakini nyuso za sanamu zina giza. Pia waya wa ekstensheni unapata moto.
*Kijana wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki), Marangu*

Taa iko chini mno. Ifungeni ndani ya pango, nyuma ya nguzo ya mbele, juu kidogo ya kichwa cha Yosefu, imulike kwa mshazari kuelekea hori. Iwe ya LED yenye mwanga wa njano. Zile za kumetameta zizimwe wakati wa Misa.

Waya unapata moto kwa sababu mmeuacha umeviringwa na joto halina pa kutokea. Ukunjueni wote, upitisheni ukutani, kamwe usiwe chini ya zulia. Umeme hukatika, kwa hiyo ficheni taa ya kuchaji moja.

Mkono wa sanamu ya plasta umekatika. Tununue nyingine?
*Katekista, Machame*

La. Futa vumbi kwa brashi kavu, unganisha kwa gundi ya mirija miwili, shikilia kwa utepe wa karatasi usiku kucha. Ufa uliobaki ulowanishe kidogo kabla ya kuujaza jipsamu laini, la sivyo plasta ya zamani itanyonya maji na kiraka kitabanduka. Piga msasa namba 220 kikikauka, kisha rangi.