Amiba, vimeng'enya vyake na unga wa jirani

SWALI: Mtaalamu, kipimo cha choo kimeonyesha nina amiba kwa mara ya tatu mwaka huu. Siharishi, ila tumbo linajaa gesi. Jirani ananiuzia unga anaosema unaua vimeng'enya vilivyo juu ya mwili wa amiba kabla havijatoboa utumbo. Vimeng'enya hivyo vipo kweli?

JIBU: Vipo. Entamoeba histolytica, amiba anayeleta ugonjwa, hujishika kwanza kwenye ute wa utumbo mpana kwa protini iitwayo lektini. Kisha kimeng'enya CP5, kilicho juu ya utando wake, hukatakata protini ya MUC2 inayoushikilia ute huo. Ute ukilegea, seli za utumbo hubaki wazi. Vimeng'enya vya kundi hilo hukata hata kingamwili za IgA, protini za kinga zinazolinda utumbo.

Lakini nani amekuambia amiba wako ana CP5? Hapo ndipo ninapokereka kila wiki. Yupo amiba mwingine, Entamoeba dispar, ambaye yeye na histolytica wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Mfaransa Émile Brumpt alimtofautisha mwaka 1925, na wengi hawakumsadiki kwa miongo kadhaa. Dispar hana jeni ya CP5 inayofanya kazi, na haujeruhi utumbo. Hadubini huona umbo, haioni kimeng'enya. Ndiyo maana tangu 1997 Shirika la Afya Duniani linashauri asiye na dalili asitibiwe kwa kuonekana sisti tu, yaani amiba aliyejifunika ganda gumu. Omba kipimo cha antijeni (protini za amiba) kinachotenganisha hao wawili, au PCR, kipimo kinachotafuta jeni zake. Chembe nyekundu za damu zikionekana ndani ya amiba, hilo ni jambo jingine: huyo anashukiwa sana kuwa histolytica.

Akithibitishwa, metronidazoli dozi kamili, kisha paromomaisini au diloksanaidi kwa waliobaki ndani ya utumbo. Hatua hii ya pili husahaulika mno, halafu mtu anasema amiba "wamerudi".

Unga huo achana nao, na maji ya ndimu pia. Sisti hupita kwenye asidi ya tumbo bila kudhurika. Ndimu itafanya nini? Anayeuza dawa ya vimeng'enya bila kukupima anauza maneno ya kitaalamu aliyoyasikia mahali. Hasara yake kubwa si fedha. Mtoto anayeharisha damu mara nyingi ana bakteria wa shigela, si amiba, na huhitaji dawa nyingine kabisa. Mtu mzima mwenye homa na maumivu chini ya mbavu za kulia anaweza kuwa na jipu la ini, hata kama haharishi. Mzee anayetoa damu chooni apimwe saratani ya utumbo. Hao wote nawapokea wamechelewa, mifuko ya unga ikiwa mkononi.