Wasomaji wanauliza: msimu wa mauzo unakuja, websaiti yangu itahimili?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina duka la nguo za watoto mtandaoni, liko kwenye WordPress na WooCommerce (ile plagini yake ya duka), hostingi ni ile ya kushea ya bei ya chini. Msimu uliopita websaiti ilikuwa nzito mpaka kastoma wakawa wananipigia simu kwamba wamebonyeza kulipa na kiduara kinazunguka tu, wengi wakaacha. Siku za kawaida haina shida. Fundi anasema ninunue seva kubwa, rafiki yangu anasema nitengeneze upya yote iwe ya kisasa. Imebaki kama miezi miwili, nianzie wapi?
Mama mwenye duka

JIBU: Dada yangu, hilo la kutengeneza upya achana nalo kwa sasa. Websaiti mpya inakuja na makosa mapya, na mengi huwa hayaonekani mpaka watu waanze kuitumia, sasa unataka waanze kuitumia wakiwa wengi kuliko siku zote? Hiyo kazi iende baada ya msimu.

Kuhusu seva, umenipa dokezo zuri sana, kwamba watu walikwama kwenye kulipa na siyo kwenye kuangalia nguo. Ukurasa wa mwanzo na kurasa za bidhaa zinafanana kwa kila mtu, kwa hiyo plagini (programu ndogo ya kuongezea) ya kashe inatengeneza nakala moja inaiweka tayari na kila anayekuja anapewa hiyohiyo, seva haichoki. Lakini kapu lako si kapu langu na anwani yako si yangu, kwa hiyo kapu na ukurasa wa malipo haviwekwi kwenye kashe, kila mtu akibonyeza pale inabidi seva iendeshe PHP (lugha ambayo WordPress imeandikwa), iulize databesi, ipige hesabu ya usafirishaji, iongee na kampuni ya malipo na isubiri jibu, ndiyo imrudie mteja. Na hostingi ya kushea ni nyumba ya wapangaji wengi yenye bomba moja, unapewa idadi fulani tu ya michakato ya PHP kwa wakati mmoja, ikijaa waliobaki wanapanga foleni, na majirani zako kwenye seva hiyo nao wana msimu wao hukohuko.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela waandikie watu wa hostingi maswali mawili: kifurushi changu kinaruhusu michakato mingapi kwa wakati mmoja, na tarehe zile za msimu uliopita niligonga ukomo au la? Kama kumbukumbu za wakati ule hawana tena, angalia grafu ya matumizi kwenye paneli yako siku ukiwa na ofa hata ndogo. Ukikuta unagonga ukomo basi fundi wako ana haki, panda kifurushi, na uliza kama unaruhusiwa kushuka tena baadaye. Ila hamia mapema, wiki kadhaa kabla, siyo wiki yenyewe.

Kuna mtego mwingine ambao sioni watu wakiuzungumzia na unaniuma kwa sababu unawapata hasa wanaolipia matangazo. Mtu akibonyeza linki yako kutoka Facebook, anwani inaongezewa mkia mrefu unaoanza na fbclid, na kila mtu anapewa mkia wake. Kama kashe yako haijapangwa kuupuuza huo mkia, inaona kila anwani ni ukurasa mpya kabisa, basi nakala zote ulizoandaa hazitumiki na seva inatengeneza upya kwa kila mtu. Plagini nyingi nzuri siku hizi zinaupuuza zenyewe, lakini ingia kwenye mipangilio uhakikishe kwa macho yako.

Picha, haraka haraka: usipandishe picha kama ilivyotoka kwenye kamera, ipunguze upana ilingane na sehemu inapokaa, ihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi. Google wanataka kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na kipimo chao cha PageSpeed Insights ni bure, angalia matokeo ya simu na siyo ya kompyuta.

Baada ya hapo nunua kwenye duka lako mwenyewe. Namaanisha ununue kweli, kwa simu ya kawaida, kwa bando na siyo waifai ya ofisini, bila kulogini kama mwenye duka, ulipe kwa pesa halisi kwa kila njia ya malipo uliyoweka halafu ujirudishie. Wakati unafanya hivyo angalia kama oda imeingia, stoki imepungua, na imeili ya uthibitisho imefika kwenye inboksi na siyo kwenye spamu. Hapo kwenye imeili wengi wanaangukia pua, maana WordPress ikiachwa ilivyo inatuma imeili kupitia seva ya hostingi bila uthibitisho mzuri, na tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji. Mwambie fundi aweke rekodi za SPF, DKIM na DMARC (zinazothibitisha kwamba imeili kweli imetoka kwako) kwenye domeni, yaani jina la websaiti yako, na imeili zipitie huduma maalumu ya kutuma. Mteja aliyelipa halafu hajapata ujumbe wowote ataanza kukupigia, na wakipiga kumi kwa saa moja hufungi mzigo tena.

Halafu kagua vitu vinavyoisha muda. Domeni inaisha lini, na kadi inayoilipia bado inafanya kazi? Imeili ya kukumbusha inaenda kwako au kwa yule fundi mliyeachana zamani? Cheti cha usalama nacho, kama ni cha Let's Encrypt, kile cha kawaida kinadumu siku 90 na kinatakiwa kujihuisha chenyewe, ila tangu Juni 2025 wao wameacha kutuma imeili za kukumbusha, kwa hiyo kujihuisha kukigoma hakuna atakayekwambia isipokuwa brauza itakayomtisha mteja wako kwamba duka si salama.

Mwisho, wiki mbili kabla ya msimu chukua bakapu, iweke nje ya seva hiyo, na jaribu kuirudisha mahali pa majaribio uone inafunguka. Kisha funga mabadiliko: hakuna plagini mpya, hakuna temu (muonekano wa websaiti) mpya. Marekebisho ya usalama tu ndiyo yanaruhusiwa, na hayo uyafanye saa ambazo watu wachache wako dukani.

SWALI: Kaka, mimi nauza vitu vya mkono, kila kimoja kiko kimoja tu. Msimu uliopita watu wawili walilipia kitu kilekile. Nifanyeje?

JIBU: Hiyo inatokea pale stoki inapopunguzwa baada ya malipo kukamilika tu, wote wawili wanakuta kipo wote wanalipa. Weka mfumo ushike bidhaa mteja anapoingiza oda hata kabla hajalipa. WooCommerce ina mpangilio wa dakika za kushikilia stoki ya oda isiyolipwa, kwa kawaida umewekwa 60. Kwa vitu vya kimoja kimoja naona saa nzima ni ndefu, mtu anaweza kukufungia kitu halafu akaondoka. Shusha hadi dakika 15 au 20 hivi, ila hakikisha haipungui muda ambao njia zako za malipo zinachukua kuthibitisha, la sivyo oda itafutwa wakati hela iko njiani. Na kama unauza kitu hichohicho sokoni au kwenye kurasa nyingine za mtandao kwa wakati mmoja, msimu ukianza kiache sehemu moja tu.

SWALI: Nimefanya yote hayo, je ikizima tu siku yenyewe?

JIBU: Inaweza kutokea, hata Amazon mwaka 2018 saa za mwanzo za Prime Day wateja walikuwa wanakuta picha za mbwa na ujumbe wa samahani badala ya bidhaa. Andaa leo ukurasa mmoja mwepesi wa HTML tupu, hauna WordPress wala databesi, ukae nje ya seva ya duka, useme tuna hitilafu tunarudi, na uwe na namba ya kupokea oda kwa ujumbe. Fundi aupange utoke na msimbo wa 503, yaani huduma haipatikani kwa sasa, hapo Google inaelewa ni tatizo la muda na haikimbilii kukufuta kwenye matokeo. Andika kwenye karatasi simu ya hostingi, simu ya fundi na jinsi ya kuwasha huo ukurasa, kwa sababu siku hiyo hutakuwa na utulivu wa kutafuta. Na kabla hata hujampigia fundi, simamisha matangazo ya kulipia, maana kila anayebonyeza unamlipia wewe na anafika kwenye mlango uliofungwa. Yawashe tena ukishajaribu mwenyewe kununua na oda ikaingia.