Maswali ya Wasomaji: Kabla na Baada ya Kisu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kufunga uzazi kwa paka na mbwa. Tumechagua tano.

Paka wangu anafanyiwa upasuaji kesho asubuhi na nimeambiwa alale bila kula. Analia mpaka huruma inanishika. Nikimpa maziwa kidogo tu, kuna ubaya?

Upo. Maziwa yakifika tumboni huganda, na kwa daktari wa usingizi hayo ni chakula kama chakula kingine. Dawa ya usingizi hulegeza misuli yote, ikiwemo ile inayofunga mlango wa tumbo na ile inayolinda njia ya hewa. Mnyama akitapika akiwa amelala, matapishi huingia kwenye mapafu, na nimonia ya aina hiyo huua.

Kwa mnyama mzima mwenye afya, muda wa saa 6 hadi 8 bila chakula kwa kawaida unatosha. Wengi huambiwa "usiku asile" kwa kuwa ni rahisi kukumbuka. Maji mwachie mpaka asubuhi mnapoondoka.

Mtoto wa paka au wa mbwa hafungi hivyo. Aliye chini ya wiki 8, au mwenye uzito chini ya kilo 2, hana akiba ya sukari mwilini. Akilala na njaa usiku kucha, sukari hushuka na anaweza kutetemeka au kuzimia kabla hata hajaguswa. Huyo hupewa chakula laini kidogo, kisha akazuiwa saa 1 au 2 tu kabla ya dawa. Mnyama mwenye kisukari naye ana utaratibu wake, hivyo uliza mapema kuhusu chakula na sindano yake ya insulini.

Kinachoharibu mipango mara nyingi ni paka mwenye tabia ya kutoka nje. Mfungie ndani tangu jioni, maana panya mmoja aliyekamatwa alfajiri anatosha kuvuruga kila kitu. Ikiwa amekula, sema. Kuahirisha siku moja hakumdhuru mtu.

Mbwa wangu jike ana miezi 8. Nilishapanga atolewe kizazi, lakini wiki iliyopita alianza kutokwa damu. Niende au nisubiri? Na hasa hukatwa nini?

Kama si dharura, subiri. Damu hiyo ni dalili ya joto, yaani kipindi cha kutaka dume, na wakati huo mishipa ya damu ya kizazi huwa imejaa na nyama zake ni laini mno. Uzi ukikazwa unaweza kuzikata badala ya kuzibana. Madaktari wengi hungoja miezi 2 hadi 3 baada ya joto kuisha. Kwa sasa mlinde na madume kwa wiki 3 nzima, tena kwa ukali zaidi damu inapopauka, kwa kuwa hapo ndipo majike wengi hukubali kupandwa. Paka ni habari nyingine. Joto lake huweza kurudi kila baada ya wiki mbili tatu, na anayengoja litulie huishia kupokea watoto. Kwa hiyo wengi humpasua akiwa kwenye joto hivyo hivyo.

Kuhusu kinachokatwa: baada ya dawa ya usingizi mbwa huwekewa mrija kooni wa kupitisha hewa, akanyolewa tumbo na kusuguliwa kwa dawa. Ngozi hupasuliwa katikati, kuanzia chini kidogo ya kitovu. Hapo misuli ya kulia na ya kushoto hukutana kwenye utepe mweupe usio na damu nyingi, na ndiyo sababu daktari hupitia hapo. Kizazi cha mbwa kina umbo la Y, chenye pembe mbili ndefu, na kila pembe inaishia kwenye ovari, yaani kiungo cha mayai, iliyojificha karibu na figo. Ovari imeshikwa na kano fupi, kwa hiyo ni lazima kano hiyo inyooshwe au ikatwe ndipo ovari itoke nje. Hapa mapigo ya moyo huweza kupanda hata mnyama akiwa usingizini, na dawa ya maumivu iliyotolewa mapema huonyesha faida yake.

Mishipa ya ovari hubanwa kwa koleo, hufungwa kwa uzi, mara nyingi mafundo mawili, ndipo hukatwa. Upande wa pili vilevile, kisha shina la kizazi karibu na mlango wake. Operesheni ikichukua muda mrefu, usidhani kisu ndicho kimechelewesha. Ni mafundo, hasa kwa mbwa mnene ambaye mafuta hufanya uzi uteleze. Wapo wanaotoa ovari peke yake na kuacha kizazi. Si uzembe, mradi kizazi ni kizima, kwa sababu usaha wa kizazi hutegemea homoni za ovari.

Kufunga ni kwa tabaka tatu: utepe wa misuli, mafuta, ngozi. La kwanza ndilo linalobeba uzito wa matumbo, na likiachia, ngozi inaweza kuonekana nzuri huku uvimbe laini ukitokeza chini yake. Nyuzi za nje hutolewa siku ya 10 hadi 14. Muda huo wote avae kola pana ya plastiki ya kumzuia kulamba jeraha na asiruke wala kukimbia, hata akionekana amepona siku ya tatu.

Usiku wa kwanza angalia fizi. Zibonyeze kwa kidole mpaka ziwe nyeupe, kisha achia: rangi ya waridi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Fizi zikiwa nyeupe, tumbo linajaa na mnyama hataki kuinuka, huenda damu inavuja ndani. Rudi kliniki usiku huohuo. Mfunike kwa taulo, lakini usimlaze juu ya chupa ya maji ya moto. Mwenye usingizi wa dawa hajui kusogea anapoungua.

Nimempa paka wangu nusu kidonge cha paracetamol baada ya kuhasiwa. Nirudie baada ya muda gani?

Usirudie. Mpeleke kwa daktari sasa hivi, hata kama anaonekana mzima. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja paracetamol. Sumu inayobaki huharibu damu isibebe oksijeni. Fizi hugeuka rangi ya udongo, uso na nyayo huvimba. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 inaweza kumuua. Dawa ya kumwokoa ipo, ila inafanya kazi vizuri ikiwahi. Ibuprofeni nayo, kwa paka na kwa mbwa, hutoboa tumbo na kuua figo. Dawa ya maumivu ni ile uliyopewa kliniki, kwa kipimo kilichoandikwa.

Mbwa wangu dume alihasiwa juzi, lakini mfuko bado umejaa kama vile hawakutoa kitu.

Korodani za mbwa hutolewa kupitia mpasuo mmoja mbele ya mfuko, na mfuko wenyewe kwa kawaida huachwa. Uvimbe mdogo usioongezeka kwa siku kadhaa ni wa kawaida. Ukifika ukubwa uliozidi wa awali, ukawa wa zambarau na mgumu, damu imekusanyika ndani. Sababu kubwa ni kukimbia au kulamba mapema. Arudi aonwe. Halafu mtenge na majike kwa wiki 4 hadi 6, maana mbegu zilizobaki njiani bado zinaweza kutia mimba. (Kwa paka dume usishangae kukuta mipasuo miwili midogo isiyoshonwa. Huachwa ijifunge yenyewe.)

Mbwa wangu ana miezi 7 na korodani moja tu inaonekana. Atolewe hiyo moja?

Hapana, zote mbili. Ya pili imekwama kwenye kinena au tumboni, na kwa umri huo haitashuka. Joto la ndani huizuia kutengeneza mbegu, lakini homoni inaendelea, na uwezekano wa kupata uvimbe wa saratani ni mkubwa kuliko wa korodani iliyoshuka. Inaweza pia kujipinda. Ukitoa inayoonekana peke yake, utabaki na mbwa mwenye tabia zote za dume na daktari wa baadaye hatajua kuna kitu ndani. Omba apimwe kwa ultrasaundi kwanza, daktari ajue apasue wapi, na jiandae kwa operesheni ndefu kuliko ya kawaida. Usimzalishe kabla ya hapo. Kasoro hii hurithiwa.