Ukitakiwa kuondoka Uingereza: unavyotoka ndivyo utakavyohesabiwa siku ya kurudi

Barua ya Home Office, yaani wizara ya Uingereza inayosimamia uhamiaji, ikimfikia jamaa yetu aliyeko huko, simu hupigwa Wete, Chake na Ng'ambo kuulizia wakili mzuri. Kabla ya wakili, mwambieni aisome barua yenyewe: ina tarehe gani, na inasema ana haki ya kukata rufaa au hana? Kama ipo na bado yumo nchini humo, kwa kawaida ana siku 14 tu, na wengi huzimaliza wakitafuta mtu wa kuwatafsiria.

Huku nyumbani yote tunayaita "kurudishwa", lakini sheria za Uingereza zinatenga mambo mawili. Kuondolewa ni kwa asiye na makaratasi: viza imemalizika, au ombi la ukimbizi limekataliwa. Kufukuzwa ni kwa amri maalumu, na mara nyingi humpata aliyehukumiwa jela miezi 12 au zaidi. Amri ya kufukuzwa haifi yenyewe kwa kupita miaka. Inabaki mpaka aombe ifutwe na ikubaliwe. Ninayoyaeleza hapa ni ya kuondolewa.

Asiye na makaratasi anaweza kutoka kwa njia tatu, na kila njia ina muda wake wa kuzuiwa kuomba viza tena, kuanzia siku aliyotoka. Akiondoka mwenyewe kwa tiketi aliyoilipia, anazuiwa miezi 12. Aliyepitisha viza kwa siku zisizozidi 30 kisha akajilipia tiketi hawekewi kizuizi hicho. Akiondoka kwa hiari lakini serikali ikamlipia, ni miaka 2 iwapo ametoka ndani ya miezi 6 tangu apewe notisi ya kutakiwa kuondoka au rufaa yake imalizike, na miaka 5 akichelewa zaidi ya hapo. Akisubiri mpaka akapandishwa ndege kwa nguvu, ni miaka 10. Aliyedanganya katika ombi la viza naye huhesabiwa miaka 10.

Kwa hiyo ukoo ukichanga tiketi, haumnunulii kiti cha ndege tu. Unamnunulia miaka. Mwenye mke, mume au watoto waliobaki Uingereza ajitahidi ajilipie, hata kwa kukopa. Aliyekwishaamua kwamba Ulaya basi, hana haja ya kuona haya kuomba msaada wa kurudi kwa hiari: tiketi hulipwa, na wanaotimiza masharti, kwa mfano aliyewahi kuomba ukimbizi, wanaweza kupewa hadi pauni 3,000. Fedha hizo huwekwa kwenye kadi anayokabidhiwa kabla ya safari, nayo hutumika akishafika kwao. Msaada huu huombwa mapema, kwani aliyekwishakamatwa na kuwekwa kizuizini huwa nje ya mpango.

Kuna jambo moja la khatari hapo. Kukubali kurudi kwa hiari kunaendana na kuyaondoa maombi yote yaliyokuwa yanasubiri. Mwenye khofu ya kweli ya kudhuriwa akirudi asitie saini karatasi yoyote kabla mshauri mwenye leseni hajaisoma. Leseni nasisitiza. Kutoa ushauri wa uhamiaji Uingereza bila kusajiliwa ni kosa la jinai, na wale wanaojaza fomu sebuleni kwa pauni 200 wameshaharibu kesi za watu wengi.

Mwenye mtoto aliyezaliwa Uingereza na kuishi huko miaka yake 10 ya mwanzo aulize habari za kumsajili mtoto huyo uraia kabla ya kukata tiketi. Haki hiyo ni ya mtoto, na haitegemei makaratasi ya mzazi.

Kazi kubwa ya jamaa waliopo Zanzibar ni hati. Asiye na pasipoti atahitaji hati ya dharura ya kusafiria kutoka ubalozi wa Tanzania, na ubalozi hautoi mpaka uridhike kwamba ni Mtanzania. Tafuteni cheti chake cha kuzaliwa kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, kivuli cha kitambulisho cha Mzanzibari, barua ya sheha, vyeti vya skuli na vitambulisho vya wazazi. Mambo hukwama kwenye majina. Sisi tunaandika jina letu, la baba na la babu. Waingereza wanalishika la mwisho na kuliita la ukoo. Cheti kikisema Khamis na faili la huko likasema Hamisi, au Asha akawa Aisha, wiki nzima hupotea kwa maswali. Aliyejiandikisha huko kwa jina au uraia mwingine amweleze wakili wake mapema, kwa sababu ubalozi utatafuta jina la kweli.

Pasipoti ikiwa imeshikwa na Home Office, awaarifu siku kadhaa kabla ili ipelekwe uwanja wa ndege. Tiketi iwe moja inayounganisha mpaka Unguja. Mwenye hati ya dharura akinunua tiketi mbili tafauti anaweza kukwama katikati, maana nchi ya kupitia huenda isimruhusu kutoka nje kuchukua mizigo na kujiandikisha upya.

Akikamatwa, aombe hapo hapo ushauri wa bure wa dakika 30 unaotolewa katika vituo vya kizuizini, na aombe dhamana. Atakayemdhamini awe na anwani ya kudumu. Rafiki ampelekee begi na dawa mapema, kwani wengi husafirishwa na nguo za mwilini tu.

Uingereza haigongi muhuri mtu anapotoka. Kwa hiyo ahifadhi kipande cha tiketi ya kupandia ndege, risiti inayoonesha nani alilipa, na picha ya muhuri wa kuingia uwanja wa Abeid Amani Karume. Siku atakapoomba viza tena, ya Uingereza au ya nchi nyengine, ataulizwa kama aliwahi kuondolewa au kutakiwa kuondoka mahali. Ajibu ndiyo, kisha aambatanishe hizo.